Mwomba Mvua na Mzibua Mfereji

"Mwomba mvua na mzibua mfereji hunywa maji mamoja."

Mmelisikia neno hilo leo asubuhi kwa mama yenu, alipowaachanisha kama mtu anayeachanisha majogoo, na tangu hapo mnanung'unika humu jikoni badala ya kumenya ndizi. Anaeli kaapa hali chungu kimoja na binamu yake Kangero, kwa kuwa Kangero karudi likizo na kusema haamini kama Mungu yupo. Kangero naye kamwambia Anaeli kwamba akisali anaongea na dari. Sherehe ya dada yenu ni keshokutwa, na nyinyi mmeamua kugombania mbingu kabla hamjagawana kazi za hapa chini. Haya, mikono iendelee kumenya, masikio nipeni mimi. Mnauliza neno hilo lilitoka wapi. Lilitoka milimani kwetu, kwa dada na kaka yake, na lilizaliwa hivi.

Hapo zamani palikuwa na kijiji huko Upare kikiitwa Kwamrindi, nacho kiliishi kwa mfereji mmoja. Mfereji huo ulianzia msituni, kwenye kijito, ukauzunguka mlima mwendo wa saa nzima, kisha ukamwaga maji yake katika ndiva. Ndiva, nyinyi mliokulia kwenye bomba, ni bwawa dogo la mawe na udongo. Maji hukusanyika humo, halafu hufunguliwa kwa zamu, kila nyumba na siku yake. Kwa zamu hiyo watu walipata maharage, magimbi, ndizi na tangawizi. Nyumba iliyofutwa kwenye zamu haikuwa na haja ya kufukuzwa kijijini. Mwenyewe angefunga mzigo na kuteremka tambarare, na wengi walioteremka tambarare miaka hiyo hawakurudi.

Wenyeji wa Kwamrindi walikuwa nusu Waislamu na nusu Wakristo, na jambo hilo halikumnyima mtu usingizi. Siku ya Idi walikula wote, siku ya Krismasi wakala wote, na katika ukoo mmoja ungemkuta Yohana na Shabani wakigombania paja la mbuzi yule yule. Walijua Mwislamu wamweke wapi na Mkristo wamweke wapi. Ila mtu mmoja hawakujua wamweke wapi, naye alikuwa Mavura, mlinzi wa mfereji.

Mavura hakusali popote. Angekuwa mlevi wangemwelewa, maana walevi walikuwepo na kila mmoja alikuwa na kanisa lake au msikiti wake wa kutohudhuria. Lakini Mavura hakunywa, hakuiba, hakugusa mke wa mtu. Alipoulizwa alijibu kwa upole tu, "Sijamwona, sijamsikia. Nikisema namjua nitakuwa nimewadanganya." Watu wakabaki wanakuna vichwa.

Upole huo, hata hivyo, ulikuwa na siku zake za mapumziko. Siku moja alizozana na Mzee Senkondo, mkuu wa wazee wa kijiji, juu ya ng'ombe waliokanyaga kingo za mfereji. Senkondo akasema kwa hasira, "Nitakushitaki kwa Mungu!" Mavura akamjibu mbele ya watu, "Dua la kuku halimpati mwewe." Watu walicheka. Senkondo hakucheka, na hakusahau.

Dada yake Mavura ndiye huyu ninayetaka mumtazame vizuri. Jina lake Nakijwa. Alikuwa mjane, mzee wa kanisa, na ndiye aliyeongoza maombi ya kijiji, kwani sauti yake ilikuwa na kitu ambacho kiliwafanya hata wale wa msikitini waseme amina. Kwa baba yao walizaliwa sita. Wanne walikuwa wamekufa au wamepotelea tambarare. Walibaki yeye na Mavura, tumbo moja, na nyumba zao zilitazamana. Kila asubuhi Nakijwa alimwombea kaka yake aamini. Kila asubuhi Mavura alipita mlangoni pake na jembe begani akasema, "Dada, umeamkaje?" Basi, siku ikaanza.

Mwaka huo vuli haikunyesha. Masika nayo ikachelewa hadi watu wakaacha kuitaja. Kijito kilikonda, mfereji ukakauka miezi minne, na nyufa za ndiva zikawa zinaingia kidole. Senkondo alikuwa na ng'ombe wanane, wakabaki watatu. Kina mama walikwenda mbali kuchota maji ya kunywa, na jioni hawakuwa na nguvu ya kugombana. Ukiona kijiji kimeacha kugombana, jua hali ni mbaya.

Mfereji mkavu hautembelewi na mtu. Mavura aliutembelea, kwa mazoea tu. Ndipo alipogundua kwamba mahali paitwapo Jiwe la Nyani mlima ulikuwa umeporomoka. Udongo, mizizi na mawe vilikuwa vimeufukia mfereji hatua ishirini, na juu ya yote palilala jiwe kubwa kama beberu aliyejinyoosha.

Akaja kwenye mkutano akasema, "Wazee wangu, hata mvua ikinyesha kesho, maji hayatafika hapa. Yataishia Jiwe la Nyani yamwagike korongoni. Nipeni watu kumi, kwa siku mbili."

Senkondo akamwuliza, "Maji yenyewe yako wapi? Unataka tukachimbe vumbi?"

"Nataka tukachimbe njia."

"Njia ataifungua Mwenyezi Mungu. Jumatatu tunalaza majembe."

Kulaza majembe ndiyo ilikuwa desturi yao ya kuomba mvua. Kila nyumba ilileta jembe lake, yote yakalazwa pamoja kando ya ndiva, na kwa siku tatu hakuna aliyegusa udongo. Asubuhi na jioni wote walikusanyika hapo. Sheikh Mwinjuma aliomba kwa namna yake, Nakijwa akaomba kwa namna yake. Waliamini kwamba jembe moja likiinuliwa siku hizo ni sawa na kumwambia Mungu, "Hatukutegemei," na maombi ya kijiji kizima yanakuwa bure. Nani aliyeanzisha sharti hilo hakuna aliyejua. Walilikuta, wakalishika.

Mavura akasema, "Ombeni, mimi siwazuii. Niacheni tu nizibue."

Hapo mkutano ukachafuka. Waliokuwa na njaa walipata mtu wa kumkasirikia, na hilo nalo ni aina ya chakula. Wakaanza kusema kwamba mvua imezuiwa na huyu huyu, kwamba Mungu gani ataleta maji kwenye mfereji unaolindwa na mtu asiyemtaka. Mwisho wazee wakakata shauri: Mavura alaze jembe lake kama wenzake, na siku ya tatu aje apige magoti hadharani. Asipopiga magoti, avuliwe ulinzi wa mfereji, na nyumba yake ifutwe kwenye zamu. Tangazo litasomwa Jumapili.

Senkondo akamgeukia Nakijwa. "Wewe ndiye mwombaji wetu, tena ndiye dada yake. Utalitangaza wewe, asije akasema tumemwonea."

Nakijwa hakusema ndiyo wala siyo. Aliogopa mambo mawili kwa wakati mmoja. Aliogopa kumpoteza kaka yake wa mwisho, na aliogopa kwamba huenda Senkondo alikuwa anasema kweli.

Jumatatu alfajiri alivuka uwanja akagonga kwa Mavura. Alimkuta amekaa kwenye kigoda, jembe limeegemea ukuta.

"Najua ulichokuja kuchukua, dada," Mavura akasema. Akasimama, akalichukua jembe, akalifuta kwa kiganja, akampa. "Nakupa wewe. Simpi Senkondo, na huyo mwingine sijui anakaa wapi nimpelekee."

"Mavura, mdomo wako utakuponza."

"Umeshaniponza."

"Njoo upige magoti siku moja tu. Magoti mawili, dakika moja. Hata kama moyoni husemi kitu. Nani atajua?"

"Wewe utajua," Mavura akasema. "Nawe ungemheshimu vipi Mungu anayefurahia mtu anayemdanganya?"

Nakijwa akaondoka na jembe, machozi yakimlenga. Alilaza jembe hilo pamoja na mengine, akaongoza maombi ya siku ya kwanza, na sauti yake haikumtetemeka. Jua likawaka vile vile.

Siku ya pili, baada ya maombi ya asubuhi, hakumwona Mavura uani kwake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Akachota makande kwenye bakuli, akafunika kwa kawa, akaufuata mfereji kupanda mlimani. Alikuwa hajapita njia hiyo tangu mumewe alipokuwa hai. Aliona kingo zilizonyooshwa vizuri, magugu yaliyong'olewa, mahali palipozibwa kwa udongo wa mfinyanzi, na akatambua kwamba kwa miezi minne hii, huku wao wakimsema, mtu mmoja alikuwa anautunza mfereji usio na maji.

Alipofika Jiwe la Nyani alisikia mawe yakigongana. Mavura alikuwa amepiga magoti katikati ya maporomoko, anafukua kwa mikono mitupu. Kucha zake zilikuwa zimevunjika, na kitambaa alichokizungusha kiganjani kimelowa damu. Alikuwa amefungua kama hatua nane.

"Mavura!"

"Msinigombeze," akasema bila kugeuka, maana alidhani wazee wamemfuata. Alipomwona ni dada yake akakaa chini. "Jembe nililaza kama mlivyotaka. Mikono hamkuniomba."

Nakijwa hakujua acheke au alie. Akampa makande, na Mavura akala kwa haraka kama mtu asiyetaka chakula kimcheleweshe.

"Unamfanyia nani haya yote?" Nakijwa akauliza. "Jumapili wanakufuta kwenye zamu. Maji haya hutayanywa wewe."

"Watayanywa wao. Mtoto wa Senkondo atayanywa, naye hajanikosea kitu."

"Lakini wewe huamini kwamba mvua itanyesha!"

Mavura akaacha kutafuna. "Nani kakwambia? Mimi siamini kama kuomba ndiko kutakakoileta. Sijasema haitanyesha. Mvua imekuwa ikinyesha tangu kabla yangu, na ikinyesha itanikuta hapa." Kisha akamwuliza, si kwa ubishi bali kwa kutaka kujua hasa, "Wewe dada, unaamini itanyesha?"

"Naamini."

"Wote mle chini mnaamini?"

"Tunaamini, ndiyo maana tunaomba."

"Basi mbona mwenye kuitengenezea njia ni mimi peke yangu?"

Swali hilo lilimwingia Nakijwa. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akifagia uwanja kila alipotarajia wageni, hata wale waliochelewa, hata wale ambao hawakuja. Lakini kwa mgeni huyu, ambaye kijiji kizima kilimlilia, hakuna aliyefagia. Aliona aibu mbele ya kaka yake, na zaidi aliona aibu mbele ya Mungu wake.

Akaivua kanga ya begani, akaifunga kiunoni, akapiga magoti upande wa pili wa maporomoko, akaanza kufukua.

Mavura akashtuka. "Dada, wewe ndiye mwombaji! Utaharibu maombi yao."

"Nyamaza, chimba," Nakijwa akasema. "Kuomba siachi kwa sababu yako. Naomba hapa hapa."

Wakafukua hadi jua lilipoanza kuinama. Walifungua hatua nyingine sita, wakafika chini ya lile jiwe kubwa. Wakalisukuma. Halikutikisika. Wakalisukuma tena, mabega pamoja, mpaka Nakijwa akateleza akakaa chini. Jiwe lile halikuwa la watu wawili.

Siku ya tatu kijiji chote kilikuwa kando ya ndiva. Sheikh Mwinjuma alitangulia kuomba, kisha ikafika zamu ya Nakijwa. Akasimama mbele ya rundo la majembe, akainua mikono juu kama kawaida yake. Watu wa mbele wakaacha kufumba macho. Mikono ile ilikuwa imechubuka, na udongo mwekundu umejaa kwenye kucha.

"Mikono yako ina nini?" Senkondo akauliza. Na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, akauliza tena kwa sauti kubwa, "Nakijwa, mikono yako ina nini?"

Angeweza kusema alianguka. Alifikiri hivyo kwa muda mfupi, kisha yakamjia maneno ya Mavura, kwamba wewe utajua.

"Ina udongo wa mfereji," akasema. "Jana nilikuwa Jiwe la Nyani nikizibua na kaka yangu."

Kelele zilizotoka hapo nisingependa kuwasimulia. Mama mmoja alianza kulia kwamba watoto wake sasa watakufa. Mwingine akasema damu nzito kuliko maji, tulijua tu atamfuata nduguye. Senkondo alikuwa anatetemeka. Mimi simlaumu sana Senkondo. Mtu aliyezika ng'ombe watano na ana wajukuu saba nyumbani si mtu wa kutetemeka kwa raha.

"Umeyaua maombi yetu," akamwambia. "Siku tatu! Siku tatu tumekaa na njaa juani, nawe umeyaua!"

"Baba Senkondo, nisikilize," Nakijwa akasema. "Tumemwomba Mungu atuletee maji. Akiyaleta leo, yatapita wapi? Mfereji umeziba. Nimeuona kwa macho yangu. Tunamwita mgeni, na mlango tumeufunga kwa ndani. Huyu mnayesema haamini ndiye peke yake aliyekwenda kuufungua, tena kwa mikono, kwa sababu jembe tulimnyang'anya. Mimi ndiye niliyemnyang'anya. Kumtangaza Jumapili siwezi. Mkimfuta yeye, nifuteni na mimi."

Sheikh Mwinjuma, mzee mfupi aliyezoea kuongea kidogo, akainuka kwenye mkeka wake. Akaenda kwenye rundo la majembe akainama, akawa anachagua. Alikuwa anatafuta la kwake, ambalo mpini wake ulifungwa waya. Alipolipata akaliweka begani.

"Sheikh, unafanya nini?" watu wakamwuliza.

"Nimemaliza kuomba," akasema. "Sasa nakwenda kupokea."

Akashika njia ya mlimani. Nakijwa akaokota majembe mawili, lake na la Mavura, akamfuata. Nyuma yao akainuka kijana mmoja, wakainuka kina mama watatu, kisha hakuna aliyeweza kuhesabu. Waliobaki walibaki na Senkondo, naye alikuwa ameinamisha kichwa.

Mavura aliposikia nyayo nyingi alidhani wanakuja kumpiga. Nakijwa akamtupia jembe lake na kumwambia, "Shika, na leo usiseme kitu." Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mavura akatii. Wakachimba wote, wa msikiti na wa kanisa na yeye asiye wa popote, mpaka lile jiwe kubwa likabaki peke yake. Kumi wakalisukuma. Likatikisika, likarudi.

Ndipo sauti ikasema, "Sogeeni." Alikuwa Senkondo, na mkononi alikuwa na mtaimbo, ule mrefu wa chuma aliokuwa akivunjia mawe ya zizi. Akamtazama Mavura. "Sikuja kwa ajili yako," akasema. "Nimekuja kwa ajili ya jiwe."

"Karibu," Mavura akasema. "Nalo lilikuwa linakusubiri."

Wakaingiza mtaimbo chini, wakaulalia wawili hao bega kwa bega, na jiwe likabingirika korongoni kwa kishindo.

Mnadhani mvua ilinyesha papo hapo? Hapana. Ingekuwa ngano ya kulazia watoto. Mvua haikunyesha. Jumatano ikaisha kavu, Alhamisi kavu, Ijumaa kavu. Minong'ono ikarudi. Wazee wakasema lile shauri halijafutwa: watasubiri hadi Jumapili, na kama ni kavu, nyumba zote mbili zinatoka kwenye zamu, kwa kuwa Nakijwa alijitakia mwenyewe. Senkondo hakuongeza neno wala hakupunguza.

Nakijwa aliomba mpaka magoti yakamuuma. Ijumaa aliona mlangoni kwa Mavura mzigo umefungwa kwa mkeka, sufuria imening'inia juu yake. Hakuuliza. Mavura naye aliona kwamba ameona, akasema tu, "Dada, umeamkaje?"

Jumamosi, saa nane mchana, upepo ukageuka. Wingu lilitoka nyuma ya mlima kama moshi wa kuni mbichi. Watu walitoka nje wakasimama, hakuna aliyethubutu kulitaja kwa jina. Tone la kwanza lilimpiga Nakijwa kwenye mkono, kwenye kidonda hasa, likamwasha. Kisha mbingu ikafunguka.

Wengine walicheza, wengine walikinga vyungu. Nakijwa alikimbilia kwenye ndiva, na pole pole wengine wakamfuata, kwa sababu kila mtu alijua kwamba mvua hiyo pekee haijazi ndiva. Wakasimama wote wakilowa, wakitazama mdomo wa mfereji. Mdomo ulikuwa mkavu kwa ndani. Wakangoja. Kisha likatoka jani moja. Yakatoka majani mengi, vijiti, povu la kahawia, na nyuma ya povu yakaja maji, mekundu, mazito, yakanguruma yakajimwaga ndani. Na kando ya maji, akishindana nayo mbio kutoka juu, akaja Mavura amejaa tope hadi kwenye nyusi, akipiga kelele, "Yanapita! Yanapita!"

Nakijwa alikaa pale pale kwenye tope akalia kwa furaha, bila kujizuia, kama mtu aliyeshushiwa mzigo wa miezi minne.

Desturi ya pale ilikuwa kwamba maji ya kwanza ya ndiva yanywewe na aliyeongoza maombi, kwa kata ya kifuu, kisha kata izunguke. Wakamchotea. Akanywa maji ya tope, mchanga ukamkwaruza meno, na hajawahi kunywa kitu kitamu kama kile. Akampa Sheikh Mwinjuma, naye akampa Senkondo.

Senkondo akanywa, akafuta ndevu. "Mungu amesikia," akasema kwa sauti, na macho yake yalikuwa kwa Mavura.

Mavura akafungua mdomo, na Nakijwa, aliyeujua mdomo ule tangu hauna meno, akafumba macho. Alikuwa anangoja kuku na mwewe.

"Mzee wangu," Mavura akasema, "mimi sijui ni nani aliyesikia huko juu. Ila mimi niliwasikia. Siku zile nilipokuwa peke yangu, nilitaka kuacha mara nyingi. Kila nilipotaka kuacha, sauti zenu zilipanda kutoka huku bondeni. Nikasema, kumbe wale hawajakata tamaa, basi nami siwezi. Bila sauti hizo ningerudi nyumbani siku ya kwanza. Asanteni mlioomba." Akamsogelea Senkondo. "Na lile neno la kuku, nilikukosea. Nisamehe."

Senkondo aliitazama kata iliyokuwa mkononi mwake. Ilikuwa bado na maji kidogo.

"Nami sijui kilichomo moyoni mwako," akasema taratibu. "Nimejaribu kukifungua kwa nguvu, nimeshindwa. Lakini najua maji haya leo yangekuwa korongoni. Asante uliyezibua." Akainyoosha kata. "Kunywa. Na kafungue mzigo wako, Jumapili hakuna tangazo."

Mavura akapokea kwa mikono miwili ile yenye vidonda, akanywa mahali pale pale palipokuwa midomo ya Senkondo. Nakijwa akainuka kwenye tope, akiwa analia na kucheka, akasema maneno ambayo hakuyapanga: "Jamani! Tumegombana nini? Mwomba mvua na mzibua mfereji hunywa maji mamoja!"

Tangu siku hiyo Kwamrindi hawakuacha kulaza majembe, ila walikwenda kwanza kuusafisha mfereji wote, ndipo wakayalaza. Mavura ndiye aliyewaongoza mlimani, na siku za maombi alikaa kando akiyalinda majembe yao. Hakupiga magoti hadi alipokufa akiwa mzee sana, na Nakijwa hakuacha kumwombea hata siku moja. Mavura alilijua hilo. Alikuwa akipita mlangoni kwake na kumwambia, "Niombee, dada, ila usinicheleweshe kazini." Siku alipozikwa kila nyumba ilileta jembe lake kuchimba kaburi, na jembe la Senkondo, mikononi mwa mjukuu wake, ndilo lililotangulia kugusa udongo.

Haya, naona ndizi zimekwisha. Sasa sikilizeni. Anaeli, mawingu yale hayanipendezi. Wewe umwombe Mungu mvua isitunyeshee keshokutwa mbele ya wakwe. Kangero, turubai lina matundu matatu niliyoyahesabu mwenyewe. Wewe chukua sindano na uzi ukayashone. Mkimaliza mje mle, na chungu ni kimoja, sina kingine.

Mwomba mvua na mzibua mfereji hunywa maji mamoja.